Kukhu alitusomesha kwa busaa, ami anataka niandike "biashara ndogo ndogo"

Mwalimu, salamu nyingi kutoka Nakuru.

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa nakala karibu na stendi ya matatu. Kazi inayonilisha hasa ni programu za mazishi. Watu huja saa mbili usiku na picha kwenye simu na karatasi iliyoandikwa mbio mbio, wanataka nakala mia tatu kabla gari la maiti halijaondoka alfajiri. Kwa hivyo nina kiolezo. Picha juu, maua pembeni, kuzaliwa, ndoa, watoto, ugonjwa, aya ya Biblia. Nabadilisha majina tu. Siku moja nilisahau kubadilisha mstari mmoja, mzee wa Njoro akazikwa na wake wa mzee wa Molo, lakini hayo tuyaache.

Kukhu wangu, mama mzaa baba, alifariki Agosti 2024 nyumbani kwetu Kimilili. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Usiku ule niliketi dukani nikafungua kiolezo kile kile, nikafuta jina la mteja wa jana nikaandika lake. Dakika arobaini, nikamaliza. Ikasomwa, watu wakaitikia amina, tukamzika. Niliporudi Nakuru nikaisoma tena ndani ya matatu na aibu ikanishika. Hapakuwa na neno hata moja ambalo mtu aliyemjua angesema, eeh, huyu ndiye.

Sasa familia inapanga siku ya ukumbusho. Kaburi litajengewa, mchungaji ataitwa, na wanataka kijitabu cha kurasa ishirini hivi. Nimepewa mimi, kwa sababu ya duka. Nimekwama mahali patatu.

Kwanza ni umri. Msalabani waliandika 1917, kwa sababu ami mkubwa alisema kukhu alikuwa na miaka 107. Kitambulisho chake kinasema 1932, mwaka peke yake, hakuna siku wala mwezi. Yeye mwenyewe alikuwa akisema tu kwamba mwaka wa nzige alikuwa akimbeba mdogo wake mgongoni, na nzige wakawa wanaingia kwenye mbeleko. Nzige walipokuja 2020 na kuonyeshwa kwenye televisheni alicheka, akasema hawa ni wageni, wetu walikuwa wakikaa juu ya mti tawi linavunjika. Huyo mdogo wake hayuko tena, ila nimesikia alitahiriwa na rika la Kinyikewi. Alisema pia kwamba risasi za Malakisi zilipolia yeye alikuwa ameshafika Kimilili, na mimba ya ami. Shangazi yetu wa mwisho kadi yake ya ubatizo inasema 1967.

Pili. Kuka, mume wake, alikufa 1968 akamwachia watoto saba, wa mwisho akiwa bado mgongoni, na ami mkubwa chuo cha ualimu akidaiwa karo. Kukhu akaanza kupika busaa, pombe ya kienyeji ya mahindi na wimbi. Si siri, Kimilili nzima inajua. Aliwasomesha wote saba kwa ule mtungi, na mimi nimevaa viatu vya mtungi huo. Mwaka wa 1981 alilala seli usiku mmoja, baba akauza mbuzi kulipa faini. Haya yote ameyasimulia ami mwenyewe, tena usiku wa matanga, karibu na moto, watu wakacheka hadi machozi. Lakini nilipotuma kurasa za kwanza kwenye kundi la WhatsApp la familia alijibu kwa sauti, dakika nne nzima. Yeye ni mzee wa kanisa, kanisa letu halitaki kusikia pombe, mchungaji ndiye atakayezindua kijitabu. Niandike "alijishughulisha na biashara ndogo ndogo". Binamu zangu wanaomtegemea wakaweka vidole gumba. Nikanyamaza.

Tatu sijamwambia mtu. Usiku mmoja nikiwa kidato cha pili tulikuwa tukipukuchua mahindi, taa ya chemni katikati yetu. Akasema, bila kuinua macho, "Mimi niliacha mtoto wa kike Malakisi." Nikangoja. Akaniambia nimletee ungo. Hatukuzungumza tena habari hiyo hadi alipokufa. Mwalimu, kijitabu cha maisha yake kitakuwa cha kweli kweli kama mtoto huyo hamo?

Mjukuu wa Jikoni, Nakuru

---

Mjukuu wa Jikoni, pole kwa kufiwa, na pole zaidi kwa kupewa kazi hii kwa sababu ya mashine. Familia zetu ndivyo zilivyo. Mwenye gari atabeba maiti, mwenye duka la kuchapa atabeba historia.

Tuanze na mwaka, kwa sababu huo unahesabika, na ulivyoniandikia hesabu umeshanifanyia nusu.

Kitambulisho kiweke kando kwanza. Wanaume ndio waliobebeshwa kipande tangu enzi ya mkoloni. Wanawake hawakuandikishwa mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Nyanyako alifika mbele ya karani akiwa mtu mzima mwenye watoto saba, bila karatasi yoyote, na karani akamtazama usoni akaandika namba. Nimeona vitambulisho vya akina mama wa rika lake ambamo mama amemzidi mwanawe wa kwanza kwa miaka tisa. Huo wa 1932 haukubaliani hata na maneno yake mwenyewe. Risasi za Malakisi ni za Februari 10, 1948, siku polisi walipowafyatulia wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde. Kama alizaliwa 1932, siku hiyo alikuwa na miaka kumi na mitano au kumi na sita, tayari ameolewa mahali, ameacha mtoto, ameolewa pengine na ana mimba. Haiwi, au ikiwa, ingekuwa hadithi tofauti kabisa na hiyo uliyosimuliwa.

Ami naye kaongeza chumvi. Mwenye kuzaliwa 1917 angempata shangazi yako wa 1967 akiwa na miaka hamsini. Sisemi mengi hapo, muulize mkunga yeyote.

Sasa nzige. Hapa lazima uwe mwangalifu, maana walikuja zaidi ya mara moja. Kuna wale walioingia Kenya 1928 wakasumbua hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kuna waliorudi miaka ya vita vya Hitler. Ni nzige gani waliomwingilia mtoto mbelekoni? Jibu analo huyo mdogo wake. Wabukusu hutahiri Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na marika yanapokezana kwa majina, Kinyikewi akiondoka Nyange anaingia. Kinyikewi ni vijana wa miaka ya 1930 ya mwisho na ya 1940. Mtoto wa mgongoni wakati wa nzige wa pili angetahiriwa na Nyange. Wa nzige wa kwanza ndiye angefika kwa Kinyikewi. Kwa hivyo mdogo wake alikuwa mgongoni kati ya 1928 na 1931, na msichana wa kumbeba mtoto huanzia miaka mitano, sita. Nyanyako alizaliwa 1922, 1923, 1924, hapo hapo. Amekufa akikaribia mia au ameipita kidogo.

Usiandike 1923 kana kwamba ulikuwepo. Andika hayo ya nzige, ya mdogo wake, ya tawi kuvunjika, halafu useme kwa hesabu hiyo alikuwa na miaka mia hivi. Msomaji ataukumbuka mti ule kuliko namba. Na kwa kuwa kaburi linajengewa, huo ndio wakati wa kumwambia fundi asinakili 1917 kwenye saruji. Rangi ya msalaba hufutika kwa mvua tatu. Saruji utaishi nayo.

Busaa.

Niruhusu niseme langu kidogo. Dana yangu, yaani bibi yangu, binti wa Nyakach, alizikwa 1998, na mimi ndiye niliyeandika tanzia kwa sababu nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Nikaandika kurasa mbili. Miaka kadhaa baadaye niliikuta kwenye sanduku nikahesabu, jina lake lilikuwa mara moja tu, kwenye kichwa. Kilichobaki kilikuwa wana wake na vyeo vyao, wajukuu na miji wanakoishi, mpaka mmoja aliyekuwa Chicago akapewa sentensi tatu. Mama aliyekuwa akitembea kutoka Nyakach hadi Ahero na samaki kichwani hakuwamo. Sikutumwa na mtu kumficha. Niliona samaki si jambo la kuandika.

Kwa hivyo sina subira na "biashara ndogo ndogo". Hilo neno halina harufu. Wewe umelala katika nyumba hiyo, unajua harufu yake. Unga wa mahindi uliokandwa ukaachwa ukachacha siku kadhaa, halafu ukamwagwa juu ya bati, moto chini, na mtu anayeugeuza kwa jembe lililoisha makali ili usiungue, jasho likimtoka, na ule uchachu ukibadilika polepole kuwa kama mkate unaookwa. Kisha kimea cha wimbi, kilichooteshwa, kikaanikwa, kikasagwa. Kisha maji na kungoja. Nani alikuwa akisaga? Nani alikuwa akichota maji, na kutoka mto gani? Mirija ilikuwa inahifadhiwa wapi? Alikuwa akijuaje kwamba imeiva, kwa kuonja au kwa kusikiliza mtungi ukichemka? Hivyo ndivyo vitu vyako. Mama mjane mwenye watoto saba aliyeamka saa tisa usiku kugeuza unga kwenye bati alikuwa na kazi, na kazi yake ina jina.

Lakini usimfanye malaika pia. Umeniandikia kwamba Kimilili nzima inajua. Kimilili hiyo hiyo ina akina mama ambao pesa za mahindi ya waume zao ziliishia kwenye mtungi wa nyanyako, na watakuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki siku hiyo. Kama kukhu aliwahi kusema neno kuhusu hilo, kama alikuwa na mtu aliyemkatalia kunywa akamwambia nenda nyumbani kwanza, liandike. Kama hakusema, acha sentensi moja tu inayoonyesha unajua. Na ule usiku wa 1981, tafuta kwanza kilichomfungisha. Sheria ya 1980 ilipiga marufuku chang'aa, ile pombe kali ya kukenekwa, na chang'aa haikuwa halali tena mpaka 2010. Busaa ilikuwa na masharti yake na vibali vyake. Kama katika nyumba ile palikuwa na kitu kingine zaidi ya mtungi, ni afadhali ulijue kabla mzee mmoja hajasimama na kulisema kwenye kipaza sauti.

Kuhusu ami. Ulikosea kutuma kwenye kundi. Mzee wa kanisa hawezi kukubali busaa mbele ya vidole gumba kumi na saba. Kata tikiti ya Kimilili, mkute peke yake asubuhi, baada ya chai, usibebe kurasa zozote. Muulize jambo moja: siku ile ya 1968 au 1969 karo ya chuo ilipofika, aliipokea kutoka kwa nani, na zilikuwa noti au sarafu. Nimefundisha watoto wa wapika busaa miaka thelathini, na kila mmoja aliyelipiwa hivyo anakumbuka sarafu. Zilikuwa zikihesabiwa mezani kwa bursar, zingine zinanata. Mwache aseme. Akimaliza, muombe ukurasa huo uwe wake, kwa jina lake na kwa maneno yake. Ami hakatai hadithi, aliisimulia mwenyewe motoni. Hataki isomwe na mpwa wake mbele ya mchungaji kana kwamba anashtakiwa. Ikiwa ni yake, anaweza hata kuigeuza ushuhuda, wazee wa kanisa wanapenda ushuhuda.

Akikataa kabisa? Basi kutakuwa na karatasi mbili. Ile itakayosomwa kwa sauti siku ya ukumbusho, ukurasa mmoja, hapo mpe heshima yake, usitaje mtungi. Usidanganye tu. Andika "aliwasomesha watoto saba kwa mikono yake," inatosha, na kila aliyekaa pale atajua. Kijitabu ni kitu kingine. Kijitabu kinapelekwa nyumbani, kinasomwa na mtoto wa 2050 asiyejua Kimilili iko upande gani. Humo busaa inaingia. Duka ni lako, wino ni wako.

Ukishafika huko usirudi haraka. Wanawake walioolewa mji huo wakati mmoja na kukhu wamebaki wangapi, mmoja, wawili? Waendee mchana kabla hawajachoka, na usiwaulize "kukhu alikuwa mtu wa namna gani". Watakuambia alikuwa mtu mzuri, mkarimu, mwenye kumcha Mungu, utarudi na kiolezo chako. Waulize walikuwa wakienda soko gani kabla barabara haijajengwa. Waulize Webuye ilipokuwa bado ikiitwa Broderick Falls walikuwa wakienda kufanya nini huko. Waulize mara ya mwisho waligombana na kukhu juu ya nini. Hilo la mwisho ndilo litakalokupa kurasa.

Halafu Malakisi.

Hilo nimelisoma mara tatu, na naona umeniuliza swali la kijitabu juu ya jambo lisilo la kijitabu. Hebu hesabu tena. Kufikia Februari 1948 kukhu alikuwa ameshaondoka huko. Mtoto aliyeachwa alizaliwa kabla ya hapo, mwaka mmoja, mitatu, mitano. Kama yuko hai, ni mama wa miaka karibu themanini au zaidi kidogo. Ana watoto, ana wajukuu, pengine wajukuu hao wanapanda matatu moja na wewe stendi ya Nakuru. Wewe umekuwa ukiiita siri ya kukhu. Ni shangazi yako mkubwa.

Na ndiyo sababu hawezi kukutana na habari zake kwenye ukurasa wa kumi na mbili wa kitu kilichochapishwa. Hujui aliambiwa nini. Katika nyumba nyingi za wakati huo mwanamke akiondoka, watoto walibaki kwa baba na wakalelewa na mke mwingine wakimwita mama, na pengine yule mama akazikwa kwa kilio chote bila neno lingine kusemwa. Hujui pia kwa nini kukhu aliondoka. Alikuambia sentensi moja akaomba ungo. Sidhani alikuwa anakutuma, na sidhani alikuwa anakukataza. Usijaze yaliyobaki kwa kichwa chako.

Kwa hivyo kijitabu kiende bila yeye. Hakitakuwa uongo. Usiandike tu "alijaliwa watoto saba", andika "kuka alimwachia watoto saba," kama ulivyoniandikia mimi. Sentensi hiyo inabaki kweli lolote likitokea baadaye.

Kisha mwambie mtu mmoja. Si ami, si sasa. Mwambie shangazi wa 1967, wa mwisho. Mtoto wa mwisho ndiye aliyelala na mama kitanda kimoja muda mrefu zaidi, na nitashangaa kama hajui lolote. Akisema hajui, mpe muda, ulizia ukoo wa kukhu alikozaliwa, kwa sababu waliopokea mahari ya kwanza ni wao, na ng'ombe wanaorudishwa hukumbukwa vizazi viwili. Huko mtapata jina la boma.

Mkilipata, nendeni wawili, wewe na shangazi, siku ya kawaida, si Jumapili. Bebeni sukari kilo mbili na majani chai. Simu ikae mfukoni, usirekodi chochote siku hiyo ya kwanza. Shangazi ndiye aseme, wewe keti nyuma. Na picha ya kukhu ile uliyoweka kwenye programu, isafishe uikuze iwe nzuri, ondoa yale maua ya pembeni, uiweke kwenye bahasha. Msiitoe mpaka mama huyo aulize mwenyewe alikuwa akifanana na nani.

Mwalimu, Kisumu